Pale Mkasi Unapokosea

Kazi yangu ni kutafuta makosa ambayo bado hayajafanyika. Nikimweleza hivyo mtu wa mji wetu huu wa Kindu, hunitazama mimi, kisha huitazama kompyuta yangu, kisha huuliza kama naweza kumtengenezea simu. Simlaumu. Mimi mwenyewe kuna asubuhi naamka nikijiuliza kama hii ni kazi au ni maradhi.

Mambo yenyewe ni haya. Siku hizi kuna wataalamu wanaoweza kukata DNA ya mtu, yaani yale maandishi marefu yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T, zikirudiwarudiwa mara mabilioni. Hukata ili kuponya. Mkasi wao si wa chuma, ni protini, na hauna macho. Hupewa kielekezi, kipande kidogo cha herufi ishirini, na ni kama unaambiwa: tembea, ukikuta mahali palipoandikwa hivi, na pembeni yake kuna alama ya G mbili, kata hapo. Nao unatembea. Taabu ni kwamba mkasi huu si mkali wa imla. Ukikuta mahali palipoandikwa karibu sawa, herufi mbili tatu zimepotoka lakini ile alama ya pembeni ipo, pengine utakata na hapo. Palipokatwa bila kukusudiwa panaweza kuwa hapana neno kabisa. Panaweza pia kuwa katikati ya jeni inayomlinda mtu na saratani.

Basi kuna programu za kompyuta zinazopitisha kielekezi juu ya maandishi yote na kusema: hapa mkasi unaweza kukosea, na hapa, na hapa pia lakini si sana. Mimi hukaa na programu hizo. Nafundisha katika chuo kimoja hapa mjini, na saa zinazobaki nafanya kazi kwa mkataba na timu iliyo ng'ambo, watu ambao sijawahi kuwaona miguu, nawaona vichwa tu kwenye kioo cha kompyuta. Umeme wangu ni wa jua. Batri nilinunua kwa mfanyabiashara wa Butembo aliyeapa mbele ya Mungu kwamba ni mpya, na tangu wakati huo nasali sana. Mvua ikishikilia, mashine hulala, nami nalala. Dada yangu, ambaye ni mkubwa wangu na hajawahi kunificha kitu, huiita kazi hii uganga wa mtu anayeogopa damu.

Wenzangu wa ng'ambo waliwahi kuniuliza niliingiaje katika mambo haya. Niliwajibu habari za shule na ufadhili. Sikuwaambia habari za baba mdogo, maana ni habari ndefu na wao huwa na haraka.

Kwetu jina halizikwi na mtu. Mzee akifariki, kila mwanawe humpa mtoto jina lile, ili liendelee kuitwa uani. Kwa hiyo katika ukoo mmoja utawakuta watu wawili, hata watatu, wenye jina moja. Hao ni somo, nao hupendana na kutaniana kwa sababu hiyo tu. Baba yangu na baba yangu mdogo walikuwa somo. Baba mdogo alikuwa mtoto wa mdogo wake babu, lakini kwetu huyo ni baba mdogo na maneno yamekwisha. Baba alikuwa fundi wa reli. Baba mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kibombo, akaja kukaa nasi katika nyumba yetu ya kambi ya reli vita vilipofunga njia ya kurudi kwake.

Kindu ilikuwa imefungwa. Wenye bunduki wa mjini waliuogopa msitu, na wenye bunduki wa msituni walikuwa wameuzunguka mji. Treni ilisimama, majani yakaota katikati ya vyuma. Ukienda shambani Mikelenge uliaga kama mtu anayesafiri. Chumvi ilikuwa kitu cha kufichwa. Tulikula sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi, na mama alituambia tufumbe macho tutaisikia. Nilifumba macho mara nyingi sana, na sikuisikia hata siku moja.

Asubuhi moja askari walifika kambini wakimtafuta mtu. Walikuwa na vitu viwili mkononi: jina, na neno kwamba ni wa reli. Walisema anawapelekea chumvi watu wa msituni. Baba alikuwa shambani. Baba mdogo alikuwa amekaa mbele ya nyumba na ungo magotini, anachambua mchele. Waliliita jina. Akaitika, kwa sababu lilikuwa jina lake. Wakaitazama nyumba, nayo ilikuwa nyumba ya reli. Jina sawasawa, alama sawasawa. Hakuna aliyeuliza swali la tatu. Mama aliyaona yote kutoka jikoni, akapiga kelele kwamba huyu ni mwalimu, lakini wakati huo walikuwa wamekwisha kumsimamisha. Mimi nilikuwa nimekwenda mtoni kuteka maji. Niliporudi nilikuta ungo umepinduka, na kuku wanakula mchele kwa utulivu kabisa.

Hakurudi. Hatukupewa mwili, hatukupewa neno. Hata baba, waliyekuwa wakimtafuta, hakuwa amempelekea mtu chumvi. Chumvi yenyewe hatukuwa nayo. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini hakuitika tena jina lake mara ya kwanza. Ukimwita alinyamaza, akasubiri uongeze kitu: baba wa nani, fundi wa wapi. Watoto wa majirani walidhani ni kiziwi.

Ndiyo maana siku ile, mbali na hapa, mwalimu wetu wa chuo alipochora ubaoni kile kielekezi na alama yake ya pembeni, akaeleza jinsi mkasi unavyokata pasipo pake, wenzangu waliandika haraka haraka na mimi niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimekwisha kulielewa somo hilo zamani.

Sasa nije kwa watoto. Mama yetu alipofariki, dada yangu alimpa binti yake wa kwanza jina lake, na mimi nikampa wangu. Wasichana hawa wamefuatana umri, wamelelewa uani pamoja, na kwa kuwa wana jina la mama yetu, sisi sote tunawaita mama. Ukiita mama nyumbani kwetu, huitika yule aliye karibu, hata kama aliyeitwa si yeye, kwa sababu kumwacha mtu mzima aite bila kuitikiwa ni ukosefu wa adabu. Aliyeitika akifika na ukamwambia si wewe, hucheka, huenda kumwita mwenzake. Tumeishi hivyo na hapakuwa na shida.

Binti wa dada yangu ni SS, kama tunavyosema hapa. Ana ugonjwa wa seli mundu. Amerithi herufi moja mbovu kwa baba na ileile kwa mama, na kwa herufi hiyo chembe zake za damu hujikunja, zikaziba njia, na mwili ukashikwa na maumivu. Akishikwa halii. Huuma pindo la kitenge na kutazama ukutani, na dada yangu humkanda miguu kwa maji ya moto huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya mtu anayegombana na Mungu. Baba yake mtoto yuko machimboni, mahali paitwapo Kama, anachimba dhahabu. Huja kwa sikukuu akiwa na udongo kwenye kucha na ahadi mdomoni. Si mtu mbaya. Amechoka kama sisi.

Ugonjwa huu ni mmoja wa yale ambayo mkasi umeanza kuyaponya. Wataalamu huchukua zile chembe mama zinazozaa damu, hukata mahali pamoja, na mwili hurudia kutengeneza damu ya utotoni, ile ambayo kila mtu huzaliwa nayo na ambayo haijikunji. Kisha humrudishia mgonjwa chembe zake. Katikati kuna dawa kali, nywele hunyonyoka, mtu hukaa peke yake chumbani majuma mengi. Lakini ukiisha kupita, umepita. Hospitali moja ya huko ng'ambo inayofanya kazi na timu yetu ilikubali kumtazama mtoto wetu. Walisema watamchukua, mradi hesabu za kwanza zisionyeshe hatari. Nilipompelekea dada habari hiyo aliacha mwiko kwenye sufuria, akacheza uani peke yake, bila ngoma.

Damu ilichukuliwa hapahapa Kindu. Hospitali ya ng'ambo ilitaka kumlinganisha mgonjwa na ndugu mzima, basi tukawapeleka wasichana wote wawili. Tulikaa kwenye benchi na joto lilikuwa joto la kabla ya mvua. Mgonjwa wetu alikuwa ameamka na mguu unaouma, alikuwa amejilaza begani kwa mama yake, macho yamefumba. Muuguzi alitokea mlangoni na karatasi, akaita jina. Majina yao ya ubatizo ni tofauti, lakini nani anayeita jina la ubatizo kwenye joto lile? Binti yangu alimtazama mwenzake aliyesinzia, akaona aibu kumwacha mtu mzima aite bure.

“Miye huyu, mama,” akamwambia muuguzi, akainuka na kuingia.

Baadaye muuguzi akaita tena jina lilelile, na wa pili akaingia akichechemea. Muuguzi hakukosea kusoma, na mtoto hakukosea kuitika. Nilikuwa nimekaa palepale, mimi mtaalamu wa makosa, nikijipepea na kofia.

Miezi ikapita, maandishi ya DNA ya wote wawili yakanifikia. Nilifungua yale yaliyobeba jina na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wa dada, nikayapitisha kwenye programu pamoja na kielekezi cha hospitali. Nilingoja mashine imalize huku nikitazama jua kama mkulima. Majibu yalitoka safi. Mahali palipofanana na kielekezi palikuwa pachache, na penyewe palikuwa dhaifu, mbali na jeni yoyote ya kuogopwa. Nilitoka mbio mpaka kwa dada na kumwambia. Akamchinja jogoo wake, yule aliyekuwa akimwita mume wa pili, kwa vile wa kwanza yuko Kama.

Nina tabia moja, na wenzangu hunicheka kwayo. Kabla ya kutuma majibu yoyote, hutazama kwanza mahali pamoja ambapo najua jibu lake tayari. Kesho yake, tumbo bado lina jogoo, nikaenda kutazama ile herufi ya ugonjwa wenyewe. Kwa mtoto wa dada zilitakiwa kuwa mbovu zote mbili. Nikakuta moja mbovu, moja nzima. Mtu mwenye moja nzima haumi pindo la kitenge. Nilicheka kwanza, kwa sababu nilielewa mara moja kilichotokea, nikaiona ile benchi na binti yangu anainuka na adabu zake. Kisha nikaacha kucheka. Damu iliyotoka safi ilikuwa ya mtoto wangu. Bila shaka ng'ambo wangekuja kuligundua jambo hilo wenyewe, maana wanapima tena na tena. Lakini jogoo alikuwa amekwisha kuliwa.

Nikafungua maandishi ya pili. Mbovu zote mbili: ndiye. Nikapitisha kielekezi upya, na safari hii palijitokeza mahali ambapo kwa binti yangu hapakuwapo, wala kwenye ramani ya jumla hapapo, ile ramani ambayo dunia nzima huitumia kama kiolezo. Ramani ile imetokana na watu wachache, na wa kwetu humo ni kama hawapo. Pale ramani ina A, mtoto wa dada ana G. Ni herufi moja, nayo haimdhuru. Pengine babu zetu wameishi nayo tangu zamani bila kujua. Lakini G hiyo ilikaa karibu na G nyingine, na hapo alama ya pembeni ikawa imekamilika. Maneno yaliyoitangulia yalifanana na kielekezi isipokuwa herufi chache. Programu ilipaweka juu kabisa kwa hatari. Napo palikuwa ndani ya jeni ambayo mtu mwenye akili hataki iguswe.

Nilijaribu programu nyingine. Ikasema hatari ni ya katikati. Ya tatu ikasema ni ndogo. Programu hizi ni kama wazee wanaotabiri mvua, kila mmoja ana goti lake linalouma. Kweli haijulikani mpaka ukate chembe zenyewe maabara na kutazama. Nilikaa mbele ya kioo nikiwa nimechoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Nilijua nikiwaandikia hospitali, safari itasimama. Nikaandika. Kisha nikaenda kwa dada kwa miguu, polepole, nikiomba njiani nimkute hayupo.

Alikuwapo, anatwanga. Nilimweleza yote: benchi, jina, damu zilizobadilishana, ile herufi. Aliendelea kutwanga mpaka nilipomaliza.

“Ulikuwa umekwisha kusema iko safi,” akasema.

“Ilikuwa damu ya mutoto wangu, dada.”

“Na juu ya nini ulirudia kuangalia? Nani alikutuma?”

“Hakuna mutu alinituma. Mukasi inaweza kumukata mutoto fasi mubaya, pahali haitakiwi.”

Akaweka mchi chini. “Mudogo wangu, sikia. Miye nilizala mutoto wa kuugua, weye ukazala mutoto muzima. Sasa hata mu mashini, wa kwako njo anatoka safi. Unataka miye niseme nini? Niseme merci, asante sana?”

Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia nampenda mtoto yule, kwamba namwita mama kama yeye anavyomwita, lakini ni maneno ambayo ukiyasema wakati kama huo yanakuwa matusi. Nikarudi nyumbani.

Hospitali iliandika kunishukuru kwa uangalifu, na kusema wanasimamisha mambo kwanza, watatengeneza chembe zenye herufi ile, wazikate, waone. Itachukua muda. Muda wao ni kitu cha kwenye kalenda. Muda wa kwetu ulikuwa mvua, na mvua kwa mtoto huyu ni baridi, na baridi ni mifupa. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Tulitafuta watu wa kumtolea damu, ndugu, wanakwaya, jirani mmoja wa duka aliyekuja amefunga duka lake mchana kweupe. Nilitoa na mimi. Dada hakuwa akinisemesha. Alinitumia chakula, maana hasira ni hasira na njaa ni njaa, lakini sahani ilikuja mikononi mwa binti yangu, na ilikuwa na pilipili kuliko kawaida.

Binti yangu aliniuliza siku moja kama ni yeye aliyeharibu safari ya somo wake. Nilimwambia hapana, alifanya adabu. Akauliza kama asingeinuka ingekuwaje. Nikamwambia ingekuwa vilevile, tungejua mapema tu, na jogoo angekuwa hai. Hakucheka. Tangu siku hiyo kila ukiita mama uani, anachungulia kwanza kuona ni nani hasa anayetakiwa. Niliyajua macho yale, yalikuwa ya baba. Niliumia kuyaona kwa mtoto ambaye hakuona vita.

Nilifanya kazi yangu wakati huo kwa mikono mizito. Vielekezi vya watu wengine, vya magonjwa mengine, nilivipitisha, nikatia alama, nikatuma. Wenzangu walisema kazi ni nzuri. Mimi nilikuwa nikiwaza kwamba nimefundishwa kuona mahali mkasi utakapokosea, na hakuna aliyenifundisha cha kufanya na mtu anayengoja mkasi huo kwa hamu.

Majibu ya maabara yalikuja mvua zikiwa zimeanza kulegea. Daktari wa ng'ambo alitaka kuzungumza na familia. Dada alikuja kwangu, mara ya kwanza tangu siku ya mchi, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mtoto alikuja naye, akajilaza kwenye mkeka karibu na dirisha, miguu juu ya mto. Tukamweka daktari juu ya meza, ndani ya kioo, akaanza kusema, nami nikawa mkalimani.

Alisema mkasi umekata kweli mahali pale nilipopataja. Moyo wangu ulifanya kitu cha aibu: ulifurahi kidogo kwamba hesabu ilikuwa sahihi. Kisha akasema umekata katika chembe chache sana miongoni mwa nyingi. Huenda chembe hizo zikafa zenyewe. Huenda zikakaa bila kufanya lolote. Huenda, baada ya miaka mingi, moja ikageuka. Hakuna anayejua. Kuna kielekezi kingine kinachotengenezwa ambacho hakigusi mahali pale, lakini hakijakubaliwa, na hawezi kutuahidi ni lini. Familia ikitaka kuendelea na hiki kilichopo, wataendelea, na watamfuatilia mtoto maisha yake yote. Familia ikitaka kungoja, wataheshimu. Akatuaga kwa upole, kioo kikawa cheusi.

Dada alinigeukia. Hasira ilikuwa imemwisha, na nilitamani ingekuwapo bado, maana kilichobaki kilikuwa kizito zaidi.

“Weye njo unajua mambo hii,” akasema. “Niambie tu. Ukisema tungoje, tutangoja. Ukisema aende, ataenda. Sitakuuliza tena.”

“Dada, sijui.”

“Unajuaje fasi itakata, na hujui kama aende?”

“Mashini inaonyesha fasi tu. Mambo ya kisha, haionyeshe.”

“Basi inasaidia nini?”

Ni swali ambalo nimejiuliza mwenyewe kwa lugha tatu. Nje binti yangu alikuwa akimfukuza mbuzi wa jirani kwenye nguo zilizoanikwa, na tulimsikia akimtukana mbuzi yule kwa heshima zote.

Ndipo mtoto akasema kutoka mkekani. Tulikuwa tumemsahau, kama watu wazima wanavyomsahau mgonjwa wanapozungumza juu yake.

“Mujomba, ile kukata ya makosa, itaniuma?”

“Hapana, mama. Hautaisikia.”

“Itanileteya nini?”

“Pengine hakuna kitu. Pengine ugonjwa mukubwa, lakini kisha miaka mingi. Wakati utakuwa mama mutu muzima, na watoto wako.”

Alijiinua kwa kiwiko, akatutazama wote wawili, mimi na mama yake, kama anayetazama watu waliokuja kutoka mbali na hawajui mji.

“Munaniogopea ile miaka,” akasema. “Miye sijawahi kuwaza kama nitafika kule. Munipeleke kwanza, nifike. Tukifika, tutaona.”

Dada alijifunika uso kwa pindo la kitenge. Mimi nilifungua mashine, nikaandika kwamba anakuja.